Breki Haipitishwi na Aliyeifunga

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa tawi letu. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



Tumesimama mbele yenu si kwa sababu sisi ni mafundi wa motokaa. Sisi ni watu wa reli, na elimu yetu wengi wetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Lakini Mwenyekiti alituomba tuseme habari ya kubadilisha pedi na kalipa za breki nyumbani, kwa kuwa siku hizi wanachama wengi wana vigari vyao, na kila mmoja ataka kuokoa pesa ya fundi. Jambo hilo si baya. Sisi wenyewe tulilifanya, tukakosea, na mwenzetu mmoja alilipa. Yuko hapa ukumbini, naye ndiye aliyetutuma tuseme yote bila kuficha.

NJIA YETU YA NYUMBANI

Sisi tunaotoka Embu na Meru twajenga reli ya watu wengine. Reli iliishia Nanyuki, upande wa pili wa mlima, haikushuka kwetu. Kwa hiyo tukipata likizo twapita Thika na Makutano, twafika Embu, kisha Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, hata Meru mjini. Kila ajuaye njia hiyo ajua kwamba kutoka Embu kwenda mbele barabara hukata mito itokayo Mlima Kenya, mmoja baada ya mwingine: Thuci, Nithi, Thingithu na mingine. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko wa kuingia na mlima wa kutoka. Hakuna njia ya kwenda Meru upande huo isiyoomba breki.

Daraja la Nithi hatuna haja ya kuwaeleza. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia pale bondeni, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hatukuja hapa kuhukumu sababu ya ajali ile. Twasema tu kwamba mtu akitengeneza breki zake chini ya mwembe, na ajue kwamba mwisho wa kazi ile ni bonde kama lile.

BREKI YA TRENI NA BREKI YA GARI

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kiburi. Tulijiambia, "Sisi twashika breki za mabehewa kila siku. Breki ya kigari itatushinda?" Basi tazameni tofauti ambayo hatukuifikiri.

Breki ya treni ni ya hewa. Mmarekani George Westinghouse ndiye aliyeanza kuitengeneza mwaka 1869, na mwaka 1872 akaifanya ijifunge yenyewe. Bomba la hewa hupita chini ya mabehewa yote. Bomba likijaa hewa ya nguvu, breki huachia. Behewa likikatika, au bomba likipasuka, hewa hutoka, na kila behewa hujifunga kwa akiba ya hewa iliyo ndani ya tangi lake. Maana yake ni kwamba breki ya treni ikiharibika bomba, treni husimama.

Breki ya gari dogo ni kinyume chake. Ni ya mafuta. Mguu ukikanyaga pedali, mafuta husukumwa ndani ya mabomba hadi kwenye magurudumu, nayo husukuma pistoni, na pistoni hubana pedi juu ya diski. Mafuta hayabanuki, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika. Lakini mafuta yakivuja, au hewa ikiingia ndani yake, mguu hubana hewa tu na pedali huzama. Breki ya gari ikiharibika bomba, gari halijisimamishi lenyewe. Watu wa reli, tulikeni hapo kidogo. Sisi tumezoea kosa linalotusimamisha. Kosa la breki ya gari halimsimamishi mtu.

TULIVYOKOSEA

Sisi watano tulichanga tukanunua gari moja dogo la Kijapani, lenye breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Mwaka mmoja tulikwenda nalo nyumbani kwa Krismasi, upande wa Runyenjes. Njiani gurudumu la mbele la kushoto likawa linalia na kunuka kama kitambaa kinachoungua. Tulipolifungua tulikuta pedi ya ndani imekwisha hata chuma, na ya nje bado nene. Pistoni ya kalipa ilikuwa imekwama. Fundi alitaja bei, tukaona ni kubwa. Tukanunua kalipa mbili kuukuu zilizotoka kwenye gari jingine, tukazifunga wenyewe uani, na pedi mpya juu yake.

Kisha tukaanza kutoa hewa. Mmoja akakanyaga, mwingine akafungua na kufunga. Tulimaliza chupa nzima ya mafuta ya breki, jua likashuka, na pedali bado ilikuwa laini kama godoro.

Mzee mmoja jirani, aliyeendesha lori la kahawa miaka mingi, alipita akasimama kwenye ua. Akauliza, "Wanangu, mbona hiyo pedali yazama?"

Tukamjibu kwa heshima, "Mzee, itajikaza ikizoea. Sisi ni watu wa breki za treni."

Akatikisa kichwa. "Mimi sijaona breki inayozoea. Lalisheni gari mpaka kesho."

Hatukulilaza. Asubuhi ile wawili wetu walikuwa wameahidi kupeleka mahindi kwa jamaa ng'ambo ya Thuci, na jioni wakaondoka. Katika mteremko pedali ikagusa sakafu. Dereva akapiga gia ya pili, akavuta breki ya mkono, akalipeleka gari ukingoni akijua la kuchagua ni udongo au mto. Alichagua vema. Lakini mwenzetu aliyekaa upande wa kushoto alikuwa ameshika mlango, na mlango ukakunjika juu ya mkono wake.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjika vidole. Mwenzetu huyo ni mfungaji wa mabehewa. Vidole viwili vya mkono wake havikunji mpaka leo, na mtu ambaye hawezi kukunja vidole hafungi mabehewa. Amewekwa kazi nyepesi, na posho za kazi ile ya kwanza zimekwenda. Wala hakupata fidia, maana sheria ya mwaka 2007 ya fidia za majeraha kazini ni ya mtu aliyeumia katika kazi ya mwajiri wake. Ukiumia uani kwako, au katika gari lako ukipeleka mahindi, sheria hiyo haikujui. Jambo hili kila mwanachama alishike. Pesa tuliyookoa kwa fundi haifikii posho za miezi michache.

Fundi mmoja wa jua kali alipolitazama gari, aliona kosa kabla hajashika spana. Kalipa ya kushoto tulikuwa tumeifunga kulia, na ya kulia kushoto. Zote mbili ziliingia vizuri, bolti zikakaza vizuri. Lakini kila kalipa ina pua ndogo ya kutolea hewa, na pua ile hukaa juu. Sisi tulizigeuza zikatazama chini. Hewa hupanda juu kama moshi. Mafuta yalitoka chini na hewa ikabaki darini imekaa. Tungekanyaga mpaka mwaka mpya isingetoka.

KAZI YENYEWE

Sasa twaeleza namna ilivyo, na kila mtu aandike.

Vyombo ni hivi: jeki, stendi mbili za chuma, spana ya gurudumu, spana nyingine (magari mengi ya Toyota hutaka ya 14 na ya 17), jiliwa dogo la mkono, brashi ya waya, kipande cha waya, grisi ya breki isiyoyeyuka kwa moto, na chupa mpya ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa.

Kwanza, gari likae mahali tambarare na pagumu. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono. Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua. Ukishainua, weka stendi chini ya chasisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Wala tofali si stendi, maana tofali hupasuka bila kuaga.

Pili, fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili uache mzima, uwe kitabu chako cha kutazama ukisahau kitu kilikaa wapi. Lakini pedi zibadilishwe pande zote mbili siku ileile. Ukiweka mpya kushoto na kuacha kuukuu kulia, gari litavuta upande mmoja ukikanyaga.

Tatu, vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani ziliwekwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Nne, fungua bolti za kalipa, uitoe, uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Mpira huo huumia ndani, nje usionekane na alama.

Tano, zitoe pedi na uzisome kama barua. Zikiwa zimelika sawasawa, kalipa ni nzima. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado, kama ilivyokuwa yetu, basi pistoni imekwama au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka. Mtu akiweka pedi mpya bila kuondoa sababu, atarudi palepale baada ya miezi michache. Pedi ikibaki milimita 3, usingoje tena.

Sita, tazama diski. Mara nyingi unene wake wa mwisho umepigwa chapa juu ya chuma chenyewe. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, au ina ufa, ibadilishwe, na mwenzake pia.

Saba, rudisha pistoni ndani polepole kwa jiliwa, ukiweka pedi kuukuu katikati ili usiikwaruze. Kwanza tazama kichupa cha mafuta chini ya boneti: kikiwa kimejaa, punguza, maana mafuta yatarudi juu na kumwagika, na mafuta hayo hula rangi ya gari. Pistoni ikikataa kurudi, au mpira wake wa kuzuia vumbi umepasuka, au kuna unyevu wa mafuta, kalipa hiyo si ya kurudishwa. Tafuta nyingine nzima.

Nane, safisha vishikio kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo kwenye pini na kwenye masikio ya pedi. Uso wa pedi na uso wa diski visiguswe na grisi hata kwa kidole.

KAMA WABADILISHA KALIPA YENYEWE

Ukibadilisha pedi tu, mabomba hayafunguliwi. Ukibadilisha kalipa, mpira wa mafuta lazima ufunguliwe, na hapo hewa huingia. Bolti ya mpira huo ina washa mbili za shaba. Zile kuukuu zitupe, weka mpya, maana zikishabanwa mara moja hazizibi vizuri tena. Kisha, kabla ya kukaza kitu chochote, simama utazame: pua ya kutolea hewa iko juu? Ikiwa iko chini, umechukua ya upande mwingine.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Mmoja akanyage na kushikilia. Mwingine afungue pua, mafuta yatoke kwa kijimpira ndani ya chupa, kisha afunge. Ndipo wa kwanza aachie mguu, si kabla. Akiachia pua ikiwa wazi, hewa huvutwa ndani tena. Rudieni mpaka kusiwe na povu. Kichupa cha juu kisikauke hata mara moja, la sivyo mwaanza upya. Na msitie mafuta ya injini wala mafuta mengine, hata kama ni kidogo. Mafuta hayo huvimbisha mipira yote ya breki.

Juu ya mafuta ya breki tuna neno moja zaidi. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yastahimili moto wa nyuzi 205 za Selsiasi kabla hayajachemka. Yakishakunywa maji huchemka kwenye nyuzi 140. Ya DOT 4 ni 230, kisha 155. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubanuka kama hewa. Ndiyo sababu mtu anayeshuka bonde refu na mzigo, mguu juu ya breki toka juu hata chini, aweza kukosa breki pale chini ingawa juu alikuwa nazo. Shuka kwa gia ndogo, injini ikushike, na breki iwe ya kusaidia.

KABLA GARI HALIJASOGEA

Kaza nati za gurudumu kwa msalaba, si kwa mzunguko. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka nguvu ya 103 kwa kipimo cha nyutoni na mita, yaani kama kuning'iniza kilo 21 mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Kuruka juu ya spana kwa miguu miwili si kukaza, ni kuvunja.

Kisha, kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni zimerudishwa nyuma, na mkanyago wa kwanza hauna kitu. Kuna watu waliomaliza kazi vizuri sana, wakawasha gari, wakagonga ukuta wao wenyewe kwa kusahau hilo. Washa injini, kanyaga tena, shikilia. Pedali ikizama polepole, kuna mahali pavuja. Ikiwa laini kama godoro, kuna hewa. Katika hali hizo mbili gari halitoki uani, hata kama kuna arusi.

Ikiwa ngumu, tembea polepole mahali tambarare, simama, tembea, simama. Rudi utazame kama pana mafuta kwenye magurudumu. Siku ya kwanza breki zizoeshwe kwa vituo vya taratibu, zikipumzishwa zipoe. Mabonde na mizigo vingoje.

OMBI LETU KWA TAWI

Ndugu wanachama, treni haiondoki kwa neno la mtu aliyeunganisha breki. Mmoja huwa mbele kwenye injini, mwingine nyuma kwenye behewa la mwisho, na mpaka wa nyuma aone kwa macho yake kwamba breki imeshika na imeachia, hakuna safari. Hatuoni hilo kuwa dharau. Hatusemi, "Huyu haniamini." Twajua kwamba jicho lililofanya kazi limechoka, nalo huona lile lililokusudia kufanya, si lile lililofanyika. Sisi watano tulizitazama zile pua mchana kutwa, wala hakuna aliyeziona. Mtu wa sita angeziona mara moja. Na mtu wa sita alikuja, naye alikuwa yule mzee, tukamwambia habari za treni.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. La kwanza, tawi lichange linunue sanduku moja la vyombo: stendi mbili nzuri, spana ya kupimia nguvu, na jiliwa. Vikae ofisini, mwanachama aazime kwa kutia sahihi. Peke yake mtu hawezi kununua vyote, na asiyekuwa navyo ndiye atumiaye tofali.

La pili halitaki pesa. Tuahidiane hapa kwamba mwanachama akitengeneza breki za gari lake, hataliendesha mpaka mtu mwingine, ambaye hakushika spana, amelitazama na kukanyaga pedali. Awe mwanachama, awe fundi, awe mzee jirani aliyestaafu lori. Akisema lilale, lilale.

Mwenzetu mwenye mkono ametuambia tusiombe mchango wake leo, maana huo ulikwisha fanyika na anawashukuru. Ameomba tu kwamba baada ya mkutano, yeyote mwenye gari pale nje amwache akanyage pedali yake. Mguu wake, asema, haukuumia.